Kamba ya Marwa na Meza ya Mvule

Tangu niwakabidhi funguo za karakana, ninyi wanafunzi wangu wawili mmekuja nyumbani mara tatu kuniuliza mambo ambayo ningeweza kuwaandikia. Mmoja anataka kujua randa kubwa inolewe vipi. Mwingine anataka kujua kwa nini wazee wa Nyamwaga bado wananitania kuhusu meza ya Mzee Chacha. Randa nilikwisha kuwaonyesha, na mkisahau tena ni uvivu. Meza nitaieleza hapa, lakini sharti nianzie mwanzo. Vyeo sitavitaja. Katika useremala kuna anayeshika msumeno upande huu na anayeshika upande ule, na wote wawili wanakula vumbi.

Nilianza Tarime mjini kwa Fundi Salum. Babu yake alitoka pwani, yeye alizaliwa hapa hapa, na Kikurya chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Ila akikasirika alirudi kwenye Kiswahili cha babu yake, nasi wanafunzi tukawa hatujui tumetukanwa nini. Siku ya kwanza nilifika nimevaa shati jeupe. Akanipa kipande cha mti na randa, akasema, "Nyoosha hicho." Nilikinyoosha tangu asubuhi mpaka alipotoka kwenda kuswali adhuhuri. Aliporudi akakiwekea skwea, chuma cha kupimia unyoofu, akakiinua juani, mwanga ukapita kati ya chuma na mti. Alikisukumia kwenye moto wa chai. Siku tatu mfululizo tulichemshia chai kazi yangu. Siku ya nne mwanga haukupita, akasema tu, "Leo tutakunywa chai ya mkaa."

Mengi niliyojua nilipewa na mzee yule, na mawili ndiyo yanayohusika hapa. Kwanza alikuwa akisema vichwa vya meza, yaani zile ncha mbili za urefu, vikatwe siku ya mwisho kabisa, mwenye meza akiwa amesimama hapo anaangalia. Kabla ya siku hiyo acha mbao ziwe ndefu, hata zikikukwaza mapajani. Pili, mafundi wa Tarime wana desturi kwamba kipande kinachobaki ni cha fundi, mteja hakiulizii. Kwa desturi hiyo nyumba ya Fundi Salum ilijaa vigoda vya kila aina ya mti, na mke wake alikuwa akilalamika kwamba hana pa kupita.

Nikatoka kwake nikaenda Mugumu, nikatengeneza mabenchi ya makanisa na vitanda vya maharusi. Huko ndiko meneja mmoja wa hoteli ya kitalii aliponiuliza kama naweza kumtengenezea meza ya mwaloni. Nilimwambia mwaloni sijawahi kuuona ila kwenye Biblia, lakini mvule ninaujua kwa jina na kwa tabia. Hakurudi, na ndiyo sababu sikupata kazi za hoteli. Msitafute sababu nyingine.

Niliporudi nyumbani Nyamwaga nikajenga karakana mnayoijua, nguzo nne, kuta za mabati na mlango mmoja, ndogo kiasi kwamba ubao mrefu ulitokeza nje na mbuzi wakaja kujikunia. Nilikuwa na mafundi wawili wa kunisaidia, kabla yenu ninyi. Mzee Chacha alitukuta hapo asubuhi moja baada ya mvua kubwa.

"Shikamoo mzee," nikamwamkia.

"Marahaba, mura," akaitikia, akiniita kijana kwa Kikurya. "Mvule wangu umeangushwa na upepo. Watu wanataka kuuchoma mkaa. Mimi nataka meza."

"Ya watu wangapi?"

Akanitazama kwa hasira kweli. "Niwahesabu watu wangu? Unataka wafe?"

Nilijua nimekosea hata kabla hajamaliza. Ninyi mmesoma, mnahesabu kila kitu, lakini kwa wazee wetu mtu hamhesabu mtoto wake kwa mdomo, wala ng'ombe wake. Ukiwahesabu umeyaita mabaya yaje kuwapunguza. Nikaomba radhi, tukakaa tukafikiri. Mwishowe tukakubaliana tutatumia kamba. Watu wote wa mji wake, yaani boma zima, wangesimama mstari mmoja, mikono kiunoni, viwiko vikigusana, kwa sababu anayekula anahitaji nafasi ya viwiko kuliko ya mabega. Mimi ningenyoosha kamba mbele yao, kisha ningeikunja nusu kwa nusu, kwa kuwa meza ina pande mbili. Huo ndio ungekuwa urefu wa meza, bila mtu yeyote kuhesabiwa.

Nikamuuliza meza kubwa hivyo ya nini, maana wazee wa hapa hula peke yao na wanaume wenzao, na wanawake hula jikoni.

"Nimezika ndugu zangu wawili," akasema. "Leo watoto wao wakikutana gulioni wanasalimiana kama wateja. Wangu mimi nataka wale pamoja, hata kama ni mara moja kwa mavuno. Nikiwa bado nawaona."

Kusema kwamba bado anawaona hakukuwa maneno tu. Macho yake yalikuwa yanafunga ukungu, na alikuwa anasubiri kwenda Musoma kutibiwa.

Mji wake ulikuwa na nyumba mbili. Mke mdogo alikuwa amekwisha kufariki, akaacha watoto wa kiume, mkubwa wao Marwa, mtu mzima mwenye mke na watoto, ambaye ndiye aliyekuwa anaendesha mji. Mke mkubwa ni Bibi Robhi. Yeye alizaa mabinti tu, wakaolewa wote. Kwa mila yetu mwanamke wa hivyo anaweza kuchukua ng'ombe wa mahari ya mabinti zake akaoa mwanamke, na watoto atakaowazaa huyo wanakuwa watoto wa nyumba yake. Tunaiita nyumba ntobhu. Bibi Robhi alimuoa Bhoke, mwanamke mchapakazi kutoka upande wa Nyansurura, na Bhoke akaijaza nyumba watoto. Kwa mila Bhoke ni mkamwana wa Mzee Chacha, na watoto wake ni wajukuu wake halali. Lakini mila ni jambo moja, na midomo ya watu uani ni jambo jingine. Marwa alikuwa akiwaita "wale wa nyumba ile", na hata mimi, niwaambie ukweli, nilikuwa nawaita hivyo hivyo.

Kibali cha msitu kikapatikana, tukaenda kupasua. Mvule una mambo yake. Ndani yake huwa mna mawe, mawe kabisa, meupe, yaliyojificha kwenye mti hai, na msumeno ukikutana nayo siku yako imekwisha. Tulinoa mpaka tupa zikaisha makali. Vumbi lake linawasha pua na macho, mmoja wa wenzangu alipiga chafya mpaka akaanguka kutoka kwenye gogo. Mbao zilipotoka tukazipanga kivulini, vijiti katikati, zikakauka tangu mavuno yale hadi mavuno mengine. Kila wiki Mzee Chacha alikuja kuzipapasa kwa kiganja na kuuliza kama bado zina maji. Nikimjibu zinayo, anaondoka bila kununa. Wateja wa namna hiyo hamtawapata tena.

Mbao zilipokuwa tayari, mzee akawa amekwenda Musoma kutibiwa macho. Marwa akaniletea ujumbe kwamba niende nipime siku ya gulio. Njiani nikapita gulioni, nikamkuta Bhoke na Bibi Robhi wanauza ndizi. Nikanunua mkungu mmoja.

"Naenda kwenu," nikamwambia Bhoke. "Leo tunapima meza."

"Leo?" akashangaa. "Marwa alituambia ni kesho."

Nikasema labda nimesikia vibaya. Sikuwa nimesikia vibaya. Nilichukua mkungu wangu, nikaenda moja kwa moja kwa Marwa, nikawakuta watu wamekwisha kujipanga uani, mikono kiunoni, wanacheka, mpita njia akauliza ni kwaya ya kanisa gani. Marwa alikuwa ameshika ncha ya mwisho ya kamba, kamba nene ya kufungia fahali. Mke wake na watoto wake walisimama kando yake, kamba ikiwafikia wote.

"Wote wapo?" nikauliza.

"Wote wapo, fundi."

Nilikuwa na swali mdomoni, nikalimeza. Nikajiambia mimi ni seremala, siyo mzee wa ukoo, na mteja aliyesimama mbele yangu ndiye mteja. Maneno hayo yanapendeza sana ukiwa unataka kumaliza kazi. Nikaikunja kamba nusu kwa nusu, nikafunga fundo pale ilipokunjika, nikauandika urefu wake, nikarudi karakanani.

Tuliunganisha mbao nne kwa ubavu, tukazibana kwa kamba na kabari, tukaacha gundi ikae. Tukapiga randa, wenzangu upande mmoja na mimi upande wa pili, mpaka rangi ya dhahabu ikatoka. Miguu tuliifunga kwa bolti ili ivuliwe wakati wa kusafirisha. Upana niliuongeza makusudi, kwa sababu mkwe na mkamwana kwetu hawali wakitazamana karibu. Mzee angekaa kichwani na wanawe, wakamwana wangekaa ncha ya mbali, na sahani ya mboga ingepita katikati bila mtu kuaibika.

Kisha Marwa akaja kuniharakisha. Baba yake anarudi mwisho wa wiki, meza iwe imekamilika. Nikakata vichwa. Mwenye meza hakuwepo, na sikumngoja. Upande mmoja kilibaki kipande kizima cha mbao zote nne, kirefu kama hatua mbili za mtu, nikakiegemeza ukutani. Nilikuwa nimekwisha kukipangia kazi: meza ya televisheni ya binti yangu.

Kesho yake mchana Bhoke akasimama mlangoni.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba, mama. Karibu."

"Bibi amenituma nije kuona mahali petu, maana Marwa alisema tumeachiwa nafasi. Anasema watoto wakae upande wa mlimani, wasipigwe jua usoni."

Akaanza kutembea kando ya meza, kiganja chake kikiteleza juu ya mbao, anawataja watu kimoyomoyo, midomo inacheza. Alifika mwisho wa meza mapema mno. Akarudi mwanzo, akaanza tena, safari hii polepole. Mimi nilikuwa naokota misumari ambayo haikuwa imeanguka.

"Fundi," akasema, "sisi hatumo."

"Hamkuwepo siku ya kupima."

"Ulinunua ndizi kwangu siku ile."

Hakupaza sauti, hakulia. Alijifunga kanga vizuri akaniangalia mpaka nikainamisha kichwa. "Nitamwambia nini Bibi?" akauliza. "Ameshona vitambaa vya kufunika chakula. Watoto wamekwisha kugombania nani akae karibu na nani." Akaondoka. Nimewahi kujikata na patasi mpaka mfupa ukaonekana, na haikuniuma vile.

Wenzangu wawili walikuwa wamesikia kila kitu. Mmoja akasema, "Kipande kile bado kipo." Nikamjibu kwa ukali kwamba ubao hauungwi kichwa kwa kichwa. Na ni kweli, liwekeni hili akilini: gundi hunywewa na ncha za mti kama maji kwenye mchanga, kiungo kinaachia mtu akiegemea tu. Nikatoka nje nikazunguka karakana. Niliporudi nilikishika kile kipande, nikakilaza mwishoni mwa meza. Mistari ya mti ikakutana yote, ilikuwa ni mti ule ule.

Tulifanya hivi. Tulichimba mfereji kwenye ncha zote mbili, tukachonga ulimi wa mti mgumu tukauingiza katikati, nusu huku na nusu huko. Chini tukapitisha boriti nene upana wote wa meza, tukaifunga kwa bolti kwenye matundu marefu kidogo ili mbao ziweze kutanuka wakati wa mvua bila kupasuka. Chini ya boriti tukaongeza miguu miwili. Nilipanda mwenyewe juu ya kiungo nikarukaruka, na mimi siyo mwepesi. Hakikulia. Lakini msumeno ulikuwa umekula unene wake, na juu ya meza ulibaki mstari mwembamba kutoka ukingo hadi ukingo. Mwenzangu akataka kuuziba kwa vumbi la mvule na gundi. Nikamkataza. Mstari ule ulikuwa wangu, na sikuwa na haki ya kuufuta.

Mzee Chacha aliporudi tukaipakia meza kwenye tela la trekta. Pale uani walikuwa wamejenga banda la mabati kwa ajili yake, maana hakuna mlango ambao ungeipitisha. Tukaifunga miguu, tukaisimamisha. Watu wote wa mji walikuwepo, Bibi Robhi na Bhoke wamesimama nyuma kabisa na watoto wao. Marwa akaleta kamba yake, akaikunja kwenye fundo, akailaza juu ya meza. Kamba ikaishia kwenye mstari.

"Tata, fundi ameongeza bila ruhusa," akamwambia baba yake. "Hii siyo meza tuliyopima. Akate palipozidi."

Mzee akapitisha kidole kwenye mstari. Macho yake yalikuwa mekundu bado kwa dawa, lakini yalikuwa yanaona. "Fundi, huu ni nini?"

Nilikuwa na uongo mzuri kabisa wa kiseremala tayari mdomoni. Nikauacha. "Mzee, nilikata nikijua nani hayupo. Nilinunua ndizi kwao asubuhi ile ile, nikaenda nikapima bila wao. Halafu nikaunga. Nimekosea mimi."

Nilimwona Bibi Robhi amemshika Bhoke mkono. Marwa alinitazama kwa jicho ambalo, kama mzee asingekuwepo, lingenitoa pale mbio.

"Ikunjue kamba," Mzee Chacha akamwambia mwanawe. "Tunapima tena. Na safari hii tunaanza kama mji unavyoanza, na nyumba ya mke mkubwa."

Hakuna aliyeweza kupinga hilo, ndiyo desturi tangu zamani. Bibi Robhi akaja mbele, mikono kiunoni. Bhoke akasimama baada yake, mzee akigeuza uso pembeni kwa heshima ya mkamwana. Wakafuata watoto wao, kisha ndugu za Marwa na wake zao na watoto wao, kiwiko kwa kiwiko. Marwa alikuwa bado ameshika ncha ya mwisho, kama siku ile, na waliosimama naye ni mke wake na watoto wake. Nikanyoosha kamba ile ile mbele ya watu, nikaivuta mpaka ikakaza. Ikaisha mkononi mwa Marwa. Mke wake na watoto wake walikuwa wamebaki ng'ambo yake, mikono kiunoni, na mbele yao hakuna kamba.

Kisha mke wa Marwa, ambaye sikuwahi kusikia sauti yake mbele ya wazee, akamuuliza mumewe:

"Baba Nyangi, sisi tunakula wapi?"

Mzee Chacha hakumtazama yeye. Alimtazama mwanawe. "Fundi amekuja na msumeno," akasema. "Mwonyeshe pa kukata."

Marwa aliangalia ile ncha ya kamba mkononi mwake, akawaangalia watoto wake, akaiangalia meza. Nami nilikuwa nimeushika msumeno kweli, kwa sababu sikujua pa kuuweka. Mwisho aliiachia kamba ikaanguka, akaenda jikoni. Nilidhani amekasirika ameondoka. Akarudi na beseni na jagi la maji ya kunawa, kazi ambayo mwanamume wa umri wake haifanyi. Akawapita ndugu zake, akampita hata baba yake, akasimama mbele ya Bibi Robhi.

"Nawa, mama," akasema.

Bibi Robhi akanyoosha mikono. Marwa akamnawisha Bhoke, kisha watoto wa Bhoke mmoja mmoja, hata yule mdogo aliyekuwa anacheza na maji badala ya kunawa. Mimi niliinama kukaza bolti ambazo zilikuwa zimekwisha kukazwa, kwa sababu machozi yalikuwa yananitoka na sikutaka wenzangu wayaone.

Watu walipokwisha kukaa, nafasi iliyobaki ilikuwa moja, pale kwenye mstari. Marwa akaja kwangu na jagi lile lile. Hakutabasamu. "Na wewe nawa, fundi," akasema, "ukae." Maji yaliyotoka mikononi mwangu yalikuwa na rangi ya chai kwa vumbi la mvule. Nikakaa, nikala, na sijawahi tena kula chakula kilichonipa aibu na furaha kwa wakati mmoja kama kile.